Afya ya Akili ya Watoto, Vijana na Familia Nchini Uganda: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya ndiyo ambayo wazazi, walezi na vijana wanaozungumza Kiswahili huyaleta mara nyingi, wawe katika kambi za polisi na za jeshi, katika miji ya mpakani kama Busia na Malaba, huko Arua na Koboko, au katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Kyaka II na Kyangwali. Majibu yameandikwa na mshauri nasaha, si daktari, kwa hiyo hayachukui nafasi ya uchunguzi wa kitabibu.

Je, mtoto mdogo anaweza kweli kuugua akili?

Anaweza, na mara nyingi utotoni ndiko ugonjwa unakoanzia. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kijana 1 kati ya 7 wenye umri wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili, na kwamba theluthi moja ya matatizo ya akili huwa yameshaanza kabla ya umri wa miaka 14, na nusu kabla ya miaka 18. Katika nchi ambayo sensa ya mwaka 2024 ilihesabu watu wapatao milioni 45.9, takriban nusu yao wakiwa hawajatimiza miaka 18, hili haliwezi kuwa jambo la pembeni.

Ugumu ni kwamba mtoto hasemi "nina huzuni". Husema tumbo linamuuma kila Jumatatu asubuhi, au huanza tena kukojoa kitandani ilhali alikwisha kuacha, au hukataa kulala peke yake, au huwapiga wadogo zake bila sababu inayoonekana. Kijana huacha mpira alioupenda, huchelewa kurudi nyumbani, hujibu kwa neno moja. Dalili moja ya siku mbili haitoshi kumwita mtu mgonjwa. Kinachoangaliwa ni mabadiliko yanayodumu kwa wiki mbili au zaidi na yanayomzuia kula, kulala, kucheza au kusoma kama zamani.

Onyo moja lisisubiri wiki mbili: mtoto mwenye homa anayeanza ghafla kuweweseka, kupata degedege au kutowatambua watu wa nyumbani apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, kwa kuwa malaria kali na homa ya uti wa mgongo huingia kichwani na huua haraka. Watoto wengi wamepelekwa kufukizwa dawa za mitishamba wakati ambapo kipimo cha malaria kingetoa jibu ndani ya nusu saa.

Kwa nini mshauri huuliza kwanza ni lugha gani tunayozungumza nyumbani?

Kwa sababu maumivu ya moyo hayana jina moja, na anayekosea jina hukosea na tiba. Kitabu cha Kiswahili kitasema "sonona", yaani ugonjwa wa huzuni nzito, lakini sijawahi kumsikia mama yeyote wa Bombo wala wa Kasese akilitumia neno hilo kumweleza mwanawe. Ninayoyasikia ni "ana mawazo mengi", "kichwa kimemjaa", "moyo umemchoka". Watafiti waliofanya kazi Masaka na Rakai mwanzoni mwa miaka ya 2000 hawakuanza na orodha ya dalili iliyotoka ng'ambo. Waliwauliza wanakijiji wenyewe ni mateso gani wanayoyaona kwa watu wao, wakapewa maneno ya Kiganda: okwekyawa, yaani kujichukia, na okwekubagiza, yaani kujihurumia. Ndipo walipoona kwamba dalili zilizofichwa ndani ya maneno hayo zinakaribiana sana na kile madaktari wanachokiita sonona, na tiba ikajengwa juu ya maneno hayo. Kwa upande wa kaskazini, Waacholi wana two tam, par na kumu kwa huzuni na mawazo yanayolemea, ma lwor kwa hofu, na kwo maraco kwa mwenendo ulioharibika. Binti wa Kiacholi akiulizwa kama ana huzuni anaweza kujibu hapana; akiulizwa kuhusu par, mazungumzo yanafunguka.

Kuna jambo lingine ambalo sisi wasemaji wa Kiswahili inatupasa kulikubali kwa unyoofu. Kiswahili ni lugha rasmi ya Uganda kwa mujibu wa Katiba, na kwa wengi wetu ni lugha ya mama. Lakini kwa wazee wengi, hasa wa Buganda, na kwa baadhi ya watu waliokulia katika vita, Kiswahili kilikuwa lugha ya askari kwenye kizuizi cha barabarani. Mshauri anayemwamkia bibi wa namna hiyo kwa Kiswahili bila kuuliza anaweza kumfunga mdomo kabla ya kikao kuanza. Kwa hiyo swali la lugha si la kujaza fomu. Ni sehemu ya kwanza ya tiba.

Familia yetu inaamini kwamba mtoto amerogwa au ana majini. Tukisema hivyo hospitalini, tutachekwa?

Hampaswi kuchekwa, na mhudumu anayewacheka amekosea kazi yake. Familia inaposema mtoto amerogwa, mara nyingi inaeleza pia kisa kilichofichika: ugomvi wa shamba, wivu baina ya wake wenza, kifo ambacho hakikuombolezwa ipasavyo, kiapo kilichovunjwa. Mshauri makini husikiliza kisa hicho chote, kwa sababu mtoto anaishi ndani yake.

Tena zipo mila ambazo zimesaidia watu kurudi katika uhai wa kawaida. Baada ya vita vya kundi la waasi la LRA kaskazini mwa Uganda, vijana waliotekwa na kulazimishwa kuua walirudi wakisumbuliwa na cen, roho ya mtu aliyekufa kifo kibaya. Wazee wa Kiacholi waliwapokea kwa nyono tong gweno: anayerudi hukanyaga yai lililowekwa njiani pamoja na tawi la mti wa opobo na kijiti cha ghala kiitwacho layibi, kisha ndugu humkaribisha nyumbani. Yai halijasema uongo wala kumwaga damu, na anayelikanyaga huambiwa mbele ya ukoo wote kwamba bado ni mtoto wao. Hakuna kidonge kinachoweza kusema neno hilo. Hata hivyo, wapo waliokanyaga yai na bado wakaendelea kupiga kelele usiku kwa miaka, nao walihitaji tiba nyingine juu ya ile ya wazee.

Kwa hiyo kisomo cha Kurani, maombi ya kanisani na tambiko la ukoo vinaweza kwenda pamoja na kliniki, mradi mambo manne yasiguswe. Mtoto asifungwe kamba wala minyororo. Asinyimwe chakula na maji. Asichapwe kwa madai ya kumtoa shetani. Dawa alizoandikiwa zisisimamishwe kwa amri ya mtu ambaye si mtabibu, hata kama ni mtu wa kuheshimiwa sana. Na wakati wa Ramadhani mgonjwa anayetegemea dawa ana ruhusa ya dini yake mwenyewe ya kutofunga. Anayevunja moja kati ya haya asijifiche nyuma ya mila, kwa kuwa mila zetu nyingi zilikuwapo kumlinda mtoto.

Kifafa ni ugonjwa wa akili? Kinaambukizwa kwa mate?

Kifafa ni ugonjwa wa ubongo, ingawa hapa Uganda hutibiwa mara nyingi katika kliniki za afya ya akili, na hakiambukizwi kwa mate, kwa povu wala kwa kumgusa anayeanguka. Imani ya kuambukizwa ndiyo inayofanya mtoto aachwe aungue motoni au azame mtoni huku watu wakitazama. Mgeuzeni kwa ubavu, ondoeni vitu vigumu, msimtie kijiko mdomoni, na mkae naye mpaka azinduke. Degedege likizidi dakika tano, mpelekeni hospitali. Dawa ya kifafa haiachwi ghafla, hata mtoto akikaa miezi mingi bila kuanguka. Wazazi wa Kitgum, Pader na Lamwo wanaujua pia ugonjwa wa kutikisa kichwa, ambao bado watafiti wanajadili chanzo chake. Dawa za kifafa huwapunguzia watoto hao kuanguka, na lishe na uangalizi wa nyumbani ni nusu ya huduma yao.

Kwa desturi yetu, mambo ya binti huzungumzwa na shangazi. Mshauri ana nafasi gani hapo?

Shangazi, ambaye Waganda humwita ssenga, ana nafasi ambayo mshauri hawezi kuichukua wala hapaswi kuitamani. Kuna mambo ambayo binti hatayasema mbele ya mama yake, achilia mbali mbele ya baba, na mila ilimwekea mtu wa kuyapokea. Tunapopata ssenga mwenye busara tunamwomba aingie katika kikao cha pili au cha tatu, kwa idhini ya binti, kwa sababu yeye atabaki naye baada ya sisi kuondoka.

Lakini namwomba kila mzazi aelewe kwa nini kikao cha kwanza humhusisha mtoto peke yake. Mara nyingine anayemuumiza mtoto ni mtu wa ndani: mjomba, baba wa kambo, binamu mkubwa, hata mtu anayemlipia karo. Mtoto huyo hawezi kusema lolote ikiwa shangazi aliyekaa kando yake ni dada wa mtu huyo. Anachokisema mtoto ni siri ya kikao, isipokuwa pale ambapo uhai au usalama wake uko hatarini. Hapo mshauri analazimika kuwahusisha wengine, na humweleza mtoto hivyo mwanzoni, kabla hajafungua moyo. Dhuluma ya kingono haimalizwi kwa mbuzi wala kwa kikao cha ukoo. Hospitali inahitajika ndani ya saa 72 kwa ajili ya dawa za kuzuia VVU, na shauri ni la polisi.

Mvulana wangu hazungumzi, anakunywa pombe na kutafuna mairungi (miraa). Nimpeleke kwa mshauri au kwa polisi?

Kwa mshauri, na mapema. Wavulana wetu wamelelewa kwa neno "mwanamume halii", nao hulitii: huzuni yao hutoka kwa njia ya ugomvi, kamari, pombe na kutoroka shule. Uganda ilipiga marufuku pombe ya vifuko vya plastiki mwaka 2019, lakini kijana anayetafuta ganzi ya moyo hupata njia nyingine.

Nitataja jambo ambalo limenifanya nibadili namna yangu ya kufanya kazi. Katika kambi mbili za waliohamishwa na vita kaskazini mwa Uganda, utafiti uliochapishwa mwaka 2007 uliwafuatilia vijana 314 wenye umri wa miaka 14 hadi 17. Wasichana waliohudhuria tiba ya mazungumzo ya vikundi walipata nafuu kubwa ya huzuni. Kwa wavulana nafuu hiyo haikuthibitika. Naona funzo lake ni kwamba kuwaketisha wavulana kwenye duara na kuwaambia waeleze hisia zao hakutoshi. Wengi huzungumza wakiwa wanafanya jambo: wanatengeneza pikipiki ya boda boda, wanachimba, wanarudi kutoka uwanjani. Kaka au mjomba anayefanya kazi bega kwa bega naye anaweza kusikia katika saa moja kile ambacho mimi nimekitafuta kwa mwezi.

Mwanangu amesema ni heri afe. Nikimuuliza zaidi, si nitamtia wazo kichwani?

Hapana. Kumuuliza kijana waziwazi kama anafikiria kujiua hakumpandikizii wazo hilo. Mara nyingi kunampa nafasi ya kwanza ya kuutua mzigo alioubeba peke yake. Muulize kwa sauti ya kawaida, mkiwa wawili: je, umefikiria kujiua? Umefikiria utatumia nini? Ni lini? Kisha nyamaza umsikilize, wala usikimbilie kumwambia kwamba ni dhambi au kwamba analeta aibu. Anaijua aibu hiyo tayari. Ndiyo inayomfungia mlango.

Ikiwa ana mpango, asibaki peke yake hata kidogo mpaka afikishwe kituo cha afya. Dawa za kunyunyizia mazao, ambazo katika nyumba nyingi za vijijini huwekwa chini ya kitanda, zitolewe nyumbani siku hiyo hiyo au zifungiwe kwa kufuli kwa jirani, pamoja na dawa za hospitali na kamba. Hatua hii inaonekana ndogo, lakini hamu ya kufa huja kwa mawimbi, na kijana aliyekosa sumu katika saa ile mbaya kwa kawaida huamka kesho yake akiwa hai na anayeweza kusaidiwa.

Familia nyingi huficha jambo hili kwa sababu mbili. Ya kwanza ni mila, kwani katika jamii zetu nyingi aliyejiua huzikwa bila heshima za kawaida. Ya pili ni sheria, kwa kuwa Kanuni ya Adhabu tuliyoirithi enzi za ukoloni huhesabu kujaribu kujiua kuwa kosa. Mpelekeni hospitali hata hivyo. Kazi ya mhudumu wa afya ni kutibu, na kijana aliyekunywa sumu hana muda wa kusubiri familia ikubaliane maneno ya kusema.

Tuanzie wapi, na itatugharimu kiasi gani?

Anzeni karibu. Mhudumu wa afya wa kijiji, anayejulikana kama VHT, anaweza kuwaelekeza katika kituo cha afya. Vituo vya ngazi ya nne na hospitali za wilaya kwa utaratibu huwa na muuguzi au tabibu wa magonjwa ya akili, na hospitali za rufaa za mikoa kama Mbarara, Gulu, Arua, Lira, Mbale na Masaka zina vitengo vya afya ya akili. Hospitali ya Taifa ya Butabika mjini Kampala, iliyofunguliwa mwaka 1955, ina wodi ya watoto, lakini si mlango wa kwanza na haipaswi kuwa tishio la kumnyamazishia mtoto mtundu. Ada katika vituo vya serikali ziliondolewa mwaka 2001. Gharama halisi ni nauli, siku ya kazi iliyopotea, na kununua dawa pale zinapokosekana kituoni. Ulizeni mapema siku ya kliniki ni ipi, kwa kuwa vituo vingi huwaona wagonjwa wa akili siku moja tu kwa wiki.

Kwa mtoto aliye katika hatari ya kupigwa, kutelekezwa au kudhulumiwa, piga simu 116 bila malipo. Huduma hiyo ya serikali inaitwa Sauti, na mtoto mwenyewe anaweza kuipiga.

Sisi ni wakimbizi. Mtoto wetu anajua Kiingereza kuliko sisi, anaweza kututafsiria?

Tafadhali msimpe kazi hiyo. Mtoto anayetafsiri maelezo ya namna baba yake alivyouawa, au anayelazimika kumtamkia mama yake jina la ugonjwa, hubeba mzigo wa watu wazima wawili. Ombeni mkalimani, na mna haki ya kumkataa mkalimani ambaye ni jirani yenu au wa upande mlioukimbia.

Inafaa mjue pia kwamba msaada mzuri hautoki kwa madaktari peke yao. Huko Nakivale, wakimbizi waliofunzwa kuwa washauri waliwasaidia wakimbizi wenzao kusimulia maisha yao kwa mpangilio, tangu kuzaliwa, kupitia vita, hadi leo, na dalili za kiwewe zilipungua. Huko Rhino Camp, makazi mengine ya wakimbizi, wanawake wa Sudan Kusini walikutana kwa vikao vitano vya kusikiliza sauti iliyorekodiwa katika lugha yao, wakiongozwa na wanawake wasio wataalamu, na wengi walipata nafuu.

Dawa hazitamfanya awe zezeta, au azitegemee maisha yake yote?

Baadhi ya dawa huleta usingizi, kutetemeka au kuongeza uzito, na mzazi akiona hivyo amweleze mtabibu ili kipimo kibadilishwe, badala ya kuzitupa. Dawa za huzuni hazileti uraibu, ila huchukua wiki kadhaa kabla ya kufanya kazi, na kijana anayezianza aangaliwe kwa karibu katika wiki za mwanzo. Watoto wengi hawahitaji dawa kabisa.

Je, inawezekana anayeumwa ni mimi mzazi?

Inawezekana, na swali hili linahitaji ujasiri. Mtoto wa mama aliyezama katika mawazo baada ya kujifungua, au wa baba aliyerudi kutoka vitani na asiyelala, hujifunza kunyamaza ili nyumba isilipuke. Kumtibu mtoto huyo peke yake ni kukausha sakafu huku paa likivuja. Katika utafiti uliohusisha vijiji 30 vya Masaka na Rakai, watu wazima wa nusu ya vijiji hivyo walikutana kwa vikundi mara moja kwa wiki, kwa wiki 16, wanawake kwa wanawake na wanaume kwa wanaume, wakiongozwa na wenyeji waliopewa mafunzo mafupi. Huzuni ilipungua sana ikilinganishwa na vijiji ambavyo havikuwa na vikundi. Hawakupewa dawa. Walizungumza kuhusu msiba, ugomvi, mabadiliko ya maisha na upweke, mambo ambayo kila mwanakijiji anayajua.

Ametibiwa na amepata nafuu. Shule itampokea?

Shule haina haki ya kumkataa, lakini mapokezi huandaliwa. Watu wengi wamekwisha kusahau kwamba shule za Uganda zilifungwa Machi 2020 na kufunguliwa kikamilifu Januari 2022 tu, na kwamba watoto wengi walirudi wakiwa wakubwa kuliko darasa lao, wengine wakiwa wamezaa au wamezoea kazi. Walimu waliowapokea bila kuwauliza maswali mbele ya darasa waliweza kubaki nao. Fanyeni vivyo hivyo. Ugonjwa wake usitangazwe mstarini. Kama ni shule ya bweni, fikirieni muhula mmoja wa kwenda na kurudi nyumbani, na matroni akabidhiwe dawa pamoja na maelezo yaliyoandikwa na kliniki. Wakumbusheni kwa heshima kwamba marekebisho ya Sheria ya Watoto ya mwaka 2016 yanakataza adhabu ya viboko shuleni, kwa sababu mtoto anayesinzia kwa ajili ya dawa ndiye wa kwanza kuitwa mvivu. Na awepo mwalimu mmoja, aliyechaguliwa na mtoto mwenyewe, anayejua siku ya kliniki, ili safari ya kwenda kuchukua dawa isiandikwe kwenye daftari la mahudhurio kuwa utoro.